Desemba unapanda Moshi? Namna ya kurudi Dar ukiwa bado unapumua vizuri

Mi siyo Mchagga, nimeolewa tu huko, kwahiyo kila Desemba tunapanda Marangu, kijijini kwao mlimani Kilimanjaro, kwenda "kuhesabiwa" kama wanavyotaniwa wenyewe kwa kurudi kwao kila mwisho wa mwaka, na mwaka huu itakuwa mara ya kumi na moja. Kwenye hizo kumi zilizopita, saba za kwanza nilikuwa narudi Dar tarehe 4 au 5 Januari nimekuwa mtu mwingine kabisa, suruali haifungi, ngazi za ofisini ghorofa ya pili tu nahema kama nimekimbizwa na mbwa, na mazoezi yote niliyoanza tangu mwezi wa tisa yameliwa na mbuzi. Hizi tatu za mwisho ndo nimejifunza namna ya kwenda nayo. Wenzangu tunaokimbia nao wikiendi wameniuliza mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, bas naandika yote hapa. Nimeandika kwa Marangu kwa sababu ndo nakojua, ila ukienda Rombo, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi ni yale yale, na hata wa Lushoto na Mbeya mtaokota chenu humu.

Hatua ya 1: Lengo liwe kubaki ulipo, siyo kuongeza

Kosa langu la miaka yote lilikuwa hili. Nilidhani kwa sababu siendi kazini ndo nitafanya mazoezi kuliko siku zote, nikaandika ratiba kwenye daftari, Jumatatu kukimbia kilomita 8, Jumanne misuli, Jumatano sijui nini. Ile ratiba iliishi siku moja. Kule nyumbani Desemba hakuna Jumatatu, kuna siku ya kuchinja, siku ya kipaimara cha mtoto wa shemeji, siku ya kikao cha ukoo, siku ya harusi ya mtu ambaye hata humjui lakini lazima uende. Ratiba ya mjini haina pa kukaa hapo.

Kwahiyo unaenda na hesabu ndogo tu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, yani ile ambayo ukiwa unaifanya unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, pamoja na siku mbili au zaidi za kazi ya misuli. Gawa 150 kwa siku saba, unapata kama dakika 22 kwa siku. Na raha ya mwongozo huo mpya ni kwamba ile habari ya zamani ya lazima iwe dakika kumi mfululizo ndo ihesabike wameifuta, hata dakika tano za kupanda kwenda dukani kwa mangi kununua chumvi zinaingia.

Kingine ukijue, pumzi ndo inakimbia mapema. Ukikaa tu wiki mbili bila kuhema kokote inaanza kushuka unaiona, nguvu za misuli zenyewe zinavumilia zaidi kidogo. Ila ukipunguza siku bila kupunguza ukali unabaki pale pale kwa muda mrefu tu. Maana yake kwa likizo ya wiki mbili: kila siku tembea hizo dakika 20 na kitu, ndani ya wiki mara mbili uhemee kweli kweli, na mara mbili misuli. Imeisha, usiongeze kitu hapo.

Mwenye presha, kisukari, moyo, mjamzito, ongea na daktari wako kabla hujaondoka na beba dawa za siku zote mpaka za kurudi, maana tarehe 25 usiku kutafuta duka la dawa mlimani siyo mchezo.

Hatua ya 2: Wiki mbili kabla, anza na ngazi

Hii watu wengi hawaijui na ndo inayowaumiza. Dar ni tambarare. Unaweza ukawa unakimbia kilomita kumi Coco Beach bila shida na bado Marangu ikakulaza, kwa sababu miguu yako haijawahi kushuka mlima tangu Januari iliyopita. Tafuta ngazi popote, kazini, kwenye gorofa la mtu, daraja la waenda kwa miguu la mwendokasi, panda na kushuka dakika 10 mara tatu kwa wiki. Kushuka ndo muhimu kuliko kupanda, nitaeleza kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Begi

Raba za zamani zenye meno bado. Siyo mpya, ule udongo mwekundu ukinyeshewa unateleza kama sabuni na rangi yake haitoki. Traki ndefu na tisheti pana, mi kwa kuwa naenda ukweni zile taiti zangu za Dar naziacha Dar, nabeba na kanga ya kujifunga nikifika karibu na nyumba, hakuna aliyenilazimisha ila sitaki siku yangu ianze kwa maneno. Koti jepesi la mvua. Sweta, asubuhi kuna baridi hata Desemba. Ule mpira wa kuvutia wa mazoezi kama unao, hauchukui nafasi. Bas. Kamba ya kuruka niliibeba mwaka mmoja, watoto waliichukua siku ya kwanza sikuiona tena.

Hatua ya 4: Safari yenyewe

Kutoka Mbezi stendi ya Magufuli mpaka Himo ni kilomita mia tano na kitu, masaa tisa, kumi, na Desemba huwa inavuka hapo. Kukaa muda wote huo magoti yamekunjwa na begi miguuni kunafanya miguu ivimbe, na kwa wengine damu inaweza hata kuganda kwenye mishipa ya mguu, hasa wenye umri, wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni. Kwahiyo:

Kila nusu saa inua visigino juu na kushusha mara 20, halafu vidole vya mguu juu mara 20, umekaa hapo hapo. Unasukuma damu irudi juu. Jirani atakuangalia, mwambie naye afanye.

Basi likisimama shuka. Hata kama huli, hata kama huendi kuchimba dawa, shuka. Pale Korogwe au Mombo wanaposimama watu wale, dakika zote zile wengi wanazimaliza kwenye foleni ya chipsi na kurudi kukaa. We kula umesimama, zunguka basi mara tano, nyoosha vigimbi kwa kusukuma ubavu wa basi.

Na kunywa maji. Najua mnakwepa maji kwa kuogopa choo, hasa wanawake, mi mwenyewe nilikuwa hivyo. Kunywa kidogo kidogo. Ukifika mguu mmoja tu ukawa umevimba, una joto na unauma kwenye kigimbi, hiyo siyo uchovu wa safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

(Ukipata tiketi ya treni ile iliyorudishwa Desemba 2019 usiiache, inachelewa lakini unatembea behewa mpaka behewa.)

Hatua ya 5: Siku ya kwanza usijifanye

Mwaka wangu wa kwanza wa kujaribu tulifika usiku wa tarehe 22. Asubuhi nimeamka, hewa safi, mlima umefunguka umeuona wote na barafu yake juu, nikapata wazimu. Nikashuka mbio kutoka nyumbani kuelekea Marangu Mtoni kama kilomita nne hivi, mteremko mtupu, najisikia kama Mkenya, saa yangu ya mkononi inanipongeza. Kurudi juu nikapanda bodaboda. Siku hiyo sikusikia kitu. Kesho yake mapaja yakaanza kukaza. Tarehe 25 baada ya ibada, zile ngazi za mbele ya kanisa, ngazi sita tu, sikuweza kushuka. Nilishuka kinyumenyume nimeshikwa mkono na mzee wa kanisa, waumini wote wanatoka, nikasikia mama mdogo mmoja anamnong'oneza mwenzie "huyu atakuwa mjamzito". Mpaka Februari nilikuwa napigiwa simu za pongezi.

Kilichotokea ni hivi, ukishuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inakaza huku inavutwa, na kwa misuli ambayo haijazoea inachanika vipande vidogo vidogo sana. Maumivu hayaji hapo hapo, yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu. Siyo ugonjwa na yanaisha yenyewe, lakini yanakuharibia sikukuu nzima.

Kwahiyo siku ya kwanza: tembea tu, dakika 15 mpaka 20. Panda kwanza halafu ushuke, siyo kushuka kwanza, ili ukichoka uwe unarudi nyumbani kwa mteremko. Ukishuka piga hatua fupi, goti likunje kidogo lisinyooke kabisa, na panapoteremka sana pita kama nyoka upande huu upande ule. Halafu utahema kuliko ulivyozoea, usijishushe moyo, umetoka usawa wa bahari uko mita 1,300 na zaidi na unapanda mlima, ukikaa siku chache inapungua.

Hatua ya 6: Asubuhi ni yako, mchana ni wa ukoo

Saa moja ya asubuhi ikishapita, siku siyo yako tena. Wageni wameanza kuingia, chai, salamu, mara kuna mtu wa kumfuata Himo. Ukisema nitafanya jioni unajidanganya, jioni una kata ya pombe mkononi.

Ila usitoke giza. Mbwa wa kule wanafunguliwa usiku na wengine wanachelewa kufungwa asubuhi, na hawakujui. Desemba jua linachomoza saa kumi na mbili na robo, na dakika kadhaa, we toka kwenye saa kumi na mbili na nusu watu wakiwa wameshaamka. Spika za masikioni ziache nyumbani kabisa, bodaboda wa milimani wanashuka wamezima injini kuokoa mafuta, humsikii mpaka kakupita kwenye kiwiko.

Siku za kawaida tembea tu kwa kasi. Zile siku mbili za kuhema fanya hivi:

Tembea dakika tano taratibu kupasha misuli. Tafuta kipande cha mlima kinachokuchukua kama dakika tatu kupanda, weka alama mwanzo na mwisho, mi natumia nguzo ya umeme chini na isale (ule mmea wa kuwekea mipaka) kwenye kona ya kihamba, yani shamba la migomba, cha jirani juu. Panda kwa kasi, siyo lazima kukimbia, kwenye mwinuko ule kutembea haraka kunatosha kabisa, mpaka ufike juu unaweza kusema maneno matatu tu ukakata. Hatua fupi, mwili uegemee mbele kidogo wote kwa pamoja, usijikunje kiunoni ukaanza kushika magoti kama bibi. Shuka polepole, hiyo ndo pumziko lako. Rudia mara nne. Wiki ya pili mara tano au sita. Dakika 30 umemaliza, na pumzi yako imefanya kazi ya kweli.

Kuna ishu ya salamu. Huwezi kumpita mzee mbio. Ukimpita tu na kupunga mkono, habari itafika kwa mama mkwe kabla yako. Unasimama, "shikamoo baba", anaitika, anauliza we ni wa nani, unasema mke wa fulani, anauliza watoto, anauliza Dar, ndo anauliza "mbona unakimbia, kuna msiba?". Mwanzo nilikuwa nakasirika saa yangu inasimama hesabu. Sahivi nazihesabu salamu kama mapumziko, na nimegundua ukitoka kila siku muda ule ule, siku ya tatu wanakuzoea, siku ya tano kuna mzee anakusubiri getini akuulize leo umechelewa nini.

Hatua ya 7: Kazi za nyumbani zihesabu

Ng'ombe wa kule hawatoki kwenda kuchunga, wanakaa bandani na chakula kinawafuata. Kila siku mtu anakata majani anabeba. Mwaka juzi nilimwambia mama mkwe leo tunaenda wote, nikiwa na raba zangu na saa yangu. Yeye yuko juu ya miaka 70, amevaa yeboyebo. Tukashuka mpaka kwenye kipande chao cha chini, akakata majani kwa mundu ameinama kiunoni mgongo umenyooka kama meza, nusu saa haongei. Akatandika kamba za mgomba mkavu chini, akapanga majani, akayafunga, akazungusha kitambaa kufanya ngata, akaniambia nimtwike. Sikuweza kuuinua ule mzigo peke yangu, aliinama akausaidia na kichwa. Halafu akaanza kupanda. Yani hasimami, hakimbii, hatua zile zile ndogo ndogo, mimi nyuma na kamzigo ka mtoto nasikia moyo masikioni. Katikati akageuka, mzigo mzima unageuka naye, akasema "Mama Kelvin, usishindane na mlima, wewe hesabu migomba." Saa ikaniandikia mapigo 168. Yeye alifika akatua mzigo akaenda kuchochea moto.

Tangu siku hiyo siku mbili za wiki kazi ya majani ni yangu, na hiyo naihesabu kama mazoezi kamili. Mengine ya kuhesabu: kukatakata migomba ya ng'ombe kwa panga (badilisha mkono kila baada ya dakika chache, hata kama wa kushoto ni wa ovyo), kusafisha mfereji, kupasua kuni, kutoa mbolea bandani, kubeba maji yakikatika. Ukiinua kitu toka chini chuchumaa, kisogeze karibu na tumbo, inuka kwa miguu, usiinue huku unageuka. Kubeba kichwani kama hujakulia nako usianze na mzigo mkubwa, shingo haina spea. Bebea mgongoni kwenye begi au gawa mikono miwili.

Hapa niseme na wanaume. Wake zenu tarehe 24 na 25 wamesimama jikoni tangu alfajiri, moshi, masufuria ya watu arobaini, kumenya ndizi mikono imekuwa myeusi. Huyo mtu usimwambie habari ya kupanda mlima asubuhi. Mi hizo siku mbili sifanyi chochote cha ziada na sijisikii vibaya. Nyie mnaokaa kwenye viti chini ya mti mkisubiri ini liive ndo mna shida ya kukaa, na dawa yake ipo pale pale, inaitwa ndoo ya vyombo. Shemeji yangu mmoja alianza mwaka jana kwa utani, anaosha vyombo anachuchumaa anainuka, sasa hivi anajisifia mapaja.

Hatua ya 8: Dakika 15 nyuma ya nyumba

Mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya misuli. Mvua ikinyesha unafanya barazani. Raundi tatu, pumzika dakika moja kati ya raundi:

Skwoti 12. Weka kiti nyuma yako, kaa mpaka makalio yaguse tu, inuka. Magoti yafuate uelekeo wa vidole, yasiingie ndani.

Pushapu 8 mpaka 12. Huwezi za chini, weka mikono kwenye kingo ya baraza au ukutani. Mwili uwe kama ubao, tumbo lisining'inie.

Kupanda na kushuka ngazi ya baraza, mguu mmoja mara 10 halafu mwingine. Shuka taratibu kwa kuhesabu moja mpaka tatu, hii ndo kinga ya yale mambo ya kanisani.

Kubeba ndoo mbili ndogo, kila moja lita 10 au chini, tembea mpaka bandani na kurudi bila kuinamia upande wowote. Maji yakimwagika umetembea vibaya.

Planki sekunde 20 mpaka 40 juu ya mkeka. Watoto watakuja kukupanda mgongoni. Waache, ila mmoja mmoja.

Hatua ya 9: Siku ya mbuzi yenyewe

Sitakwambia usile. Umelipa nauli ya Desemba, we kula mtori wako, kula ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kama unakiweza (mi bado). Ninachofanya ni kimoja tu, nikimaliza kula nainuka. Dakika 10 mpaka 15 za kutembea taratibu baada ya kula zinasaidia sukari isipande sana kwenye damu, na kwa wenye kisukari hii ni ya maana sana. Na Marangu visingizio vimejaa, kila nyumba jirani unatakiwa kwenda kusalimia. Kwahiyo badala ya kupanda gari kwenda kwa shangazi mita 600, tembeeni. Tulianza watu watatu, sahivi baada ya chakula cha mchana tunashuka kundi la watu kumi na tano tunakata nyumba hadi nyumba. Tatizo kila nyumba wana sahani yao. Onja, funga, endelea.

Mbege, pombe ya kule. Ni ndizi na kimea cha ulezi, inashibisha, watu wanaidharau kwa sababu ni kama uji halafu wakisimama miguu haipo. Ukishakunywa, hiyo ndo mwisho wa mazoezi ya siku hiyo, usipande mlima, usicheze mpira, usikate migomba kwa panga tafadhali. Asubuhi yake ukiamka kichwa kinagonga usijiadhibu kwa kukimbia eti utoe jasho pombe iishe, haitoki hivyo, una upungufu wa maji na moyo tayari uko juu. Maji, supu, kutembea dakika 20 kivulini, na kulala.

Hatua ya 10: Waingize na wengine

Kila mwaka tarehe 26 kuna mechi ya waliooa na makapera. Hii ndo sehemu hatari kuliko zote kwenye mwongozo huu. Wanaume wa miaka 45 ambao hawajagusa mpira tangu Desemba iliyopita, wametoka kula, wanaingia uwanja wa mteremko na raba za kutembelea. Kila mwaka kuna mtu anatolewa ameshika nyuma ya paja. Kama utacheza, pasha dakika 10: tembea haraka, kimbia polepole, inua magoti, peleka visigino nyuma, kisha mbio fupi mbili tatu za kuongeza kasi kidogo kidogo. Na chezeni dakika 15 kwa 15 mkibadilishana, hakuna skauti aliyekuja.

Watoto wapeleke maporomoko. Kinukamori iko pale pale Marangu, na kule Uru kuna Materuni ambayo njia yake ni ndefu kidogo na ina kupanda kwa maana. Kuna kiingilio, na mvua ikiwa imenyesha njia zinateleza, mkubwa mmoja kwa watoto wawili usizidishe.

Mkiwa na nguvu zaidi kuna kwenda Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapanda Kilimanjaro, kwa siku moja kutoka lango la Marangu. Lango lipo mita 1,800 na kitu, Mandara ni 2,700 hivi, njia ya msituni kama kilomita 8 kwenda, masaa matatu kupanda kwa mwendo wa kawaida. Unalipia getini, unahitaji mwongozaji, na beba kitambulisho cha NIDA upate bei ya Mtanzania. Usipange siku inayofuata harusi. Tulienda mwaka jana tarehe 29 watu saba, wanne kati yao wamezaliwa hapo chini ya mlima na hawakuwahi kuvuka lile lango maisha yao yote.

Hatua ya 11: Ukikosa siku, na kurudi

Utakosa siku. Mi mwaka jana kwenye siku 14 nilikosa tano. Usilipize kwa kufanya mara mbili kesho yake, endelea tu kama kawaida. Ukiwa na mafua ya puani tu tembea taratibu, ukiwa na homa au kifua lala. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, mkono wa kushoto kuuma, acha hapo hapo na utafute msaada, usisubiri wageni waondoke.

Ukirudi Dar, wiki ya kwanza joto litakushinda, Januari ni jua la kweli, kimbia alfajiri au jioni kabisa na usirudie kasi ya Novemba mara moja. Wenye mpango wa Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, mna wiki kama saba hivi tangu mnaporudi, na ile milima mliyopanda Desemba mtaikuta kwenye nusu marathoni, njia yake inapanda kuelekea Mweka, mtanikumbuka.

Halafu ule mkungu wa ndizi mliopewa wa kuondoka nao, najua mmepewa. Ukishuka Mbezi usiubebe bega moja mpaka ghorofa ya tatu kama nilivyofanya mimi nikakaa na shingo wiki nzima. Ukate vichane kabla hamjaondoka Marangu, gawa mifuko miwili uzito sawa, panda ngazi na hatua zile zile ndogo ndogo, hesabu migomba.